Kigoda cha Mwalimu wa Hisabati

Jumamosi, nikishasahihisha madaftari,
nafungua banda la uani, hapa Makorora,
lililokuwa la kuku kabla kicheche hajawamaliza.
Harufu yao ipo bado, chini ya harufu ya mvule.
Nina msumeno mmoja, patasi mbili,
randa ya kuazima ambayo mwenyewe kasahau kuidai,
na jiriwa niliyoinunua Ngamiani kwa pesa ya kitenge.
Mbaruku aliiona, akauliza: "Huu ndio mshono gani, mke wangu?"
Nikamwambia: "Wa kubana."

Mbao ni za fremu ya mlango
wa nyumba waliyoibomoa barabara ya nane.
Mvule mkavu, umesimama wima tangu enzi za mkonge
ukipisha watu, ingia toka, ingia toka.
Nikasema: umechoka kusimama. Sasa nawe ukaliwe.

Kigoda, basi. Kimo cha goti la Bi Mwanamkuu,
mama mkwe wangu, asiyeweza tena kuinuka mkekani
bila kumtaja marehemu mumewe.

Nilichora. Nilipiga hesabu. Nilipima kwa futi,
penseli nyuma ya sikio.
Nikatoboa matundu manne, nikachonga ndimi nne,
kila ulimi ukaingia tundu lake kwa kigugumizi
kisha ukanyamaza.
Jamani, furaha ile!
Nilikaa juu ya maranda nikakitazama
kama mtu anayemtazama mtoto aliyelala.

Nikakisimamisha sakafuni.
Ko-ko.
Mguu mmoja umezidi. Unene wa kucha tu.
Nikaukata.
Ko-ko. Kumbe ni huu wa pili.
Nikaukata.
Ko-ko. Wa tatu. Ko-ko. Tena wa kwanza.
Maji yakimwagika hayazoleki,
na mbao nayo, ikishakatwa, hairefuki;
najua, najua, na mkono unajua,
lakini msumeno ukishapata moto una kichwa chake.

Adhuhuri kigoda kilikuwa kimo cha ndoo.
Alasiri, cha sufuria.
Bi Mwanamkuu, kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni,
akauliza kama namtengenezea yeye au paka.

Ndipo Shekimweri, fundi wa jirani, fundi wa kweli,
akachungulia juu ya ukuta, misumari mdomoni.
Hakucheka. Akaomba kikombe cha maji.
Nikadhani ana kiu.
Akaruka ukuta, akayamwaga sakafuni, akangoja.
Maji yakatambaa, yakakusanyika katikati,
yakatulia humo kama jicho.
"Mwalimu," akasema, "kigoda hakina kosa.
Sakafu ina bonde."
Kisha, akipanda kurudi kwake:
"Na mafiga yangekuwa manne, nani angepika?"

Mafiga. Matatu.
Mimi! Mimi ninayeandika ubaoni kila mwaka
kwamba nukta tatu zatosha kulikalisha bapa.
Mimi niliyewakata alama waliosahau.

Jioni nikang'oa meno ya mbuzi yetu iliyovunjika,
nikayapigilia kwenye ncha ya kigoda.
Bi Mwanamkuu akakitazama, akayatazama magoti yake, akasema hapana.
Kwa hiyo aliyekalia ni Mbaruku,
magoti yanagusa masikio,
mara ya kwanza maishani mwake anakuna nazi,
na kila akisukuma, ko-ko, ko-ko,
mama yake anahesabu machicha yanayoanguka nje ya sinia.
Wali ulikuwa na vipande vya kifuu.
Tuliumaliza.

Kwenye banda kimebaki kipande cha fremu,
chenye tundu la bawaba na rangi ya kijani iliyobabuka.
Nimeshakipima. Chatosha miguu mitatu.

Jumatatu, kipindi cha kwanza, Mwanjaa wa dawati la mbele
akanyoosha kidole: "Mwalimu, una chaki nywelēni."
Nikapangusa, nikaangalia kiganja.
Chaki gani yenye rangi ya chai?
Sikumsahihisha.